Kiatu cha Kushoto

Kazi yangu ilikuwa kukumbuka vifungo.
Studio ya Don Anselmo, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jiji la Meksiko, mwaka ule mvua ilipotoboa paa la ghala la mavazi:
mimi, Refugio Bazán, daftari, penseli mbili, saa ya kupimia.
Gilasi iko mkono upi. Sigara imebaki kiasi gani.
Nywele zimelalia bega lipi,
ili picha ya pili isiikane ya kwanza.

Siku ya kumi na tisa tukafika ukurasa wa sitini na mbili.
Mwenye shamba anaingia. Anafunga mlango kwa kisigino.
Binti anarudi nyuma hadi ukutani.
Kisha, kwa wino wa buluu:
kamera iende kwenye jagi la maziwa.
Maziwa yamwagike. Farasi alie zizini.
Ukurasa wa sitini na tatu: Asubuhi. Kengele za kanisa.

Nikapekua, nikidhani kurasa zimegandana.

Nilikwisha kuyaona mengi ya namna hiyo:
pazia likipepea chumba kisicho na dirisha,
wimbi likipiga mwamba katika kisa cha jangwani.
Sinema ilikuwa hodari wa kufunika kombe,
na kila lilipofunikwa, aliyepita salama ni yule yule.
Binti aliachiwa mto, utawa, au kuolewa naye.
Wetu aliolewa. Mkanda wa tisa,
shela ya mikono kumi na miwili,
na Guadalajara, niliambiwa, walisimama wakapiga makofi.

Nilimwuliza Don Anselmo:
kati ya maziwa na kengele, alifanya nini?
"Nani?"
Binti.
"Refugio, watazamaji wanaelewa."
Sikuuliza kwa ajili ya watazamaji.
Kesho yake ilinipasa kuandika kifungo gani hakipo,
kama alioga, maji aliyachemsha saa ngapi,
kama alilirudisha komeo lile lile
ambalo usiku halikumzuia mtu.

(Haya nayajua. Msiniulize nimeyajuaje.
Maishani mwangu kuna gauni moja la kijani
lisiloungana na picha inayofuata.)

Jagi tulilimwaga mara saba. Maziwa yenyewe chokaa na maji.
Mara ya saba Don Anselmo akasema kata, akatoka kuvuta.
Aliyeigiza mwenye shamba akaomba taulo,
akatania na fundi wa taa; mtu mwema, alikuwa na mabinti.
Ofelia Landeros, miaka ishirini na mmoja, hakuinuka.
Alikaa sakafuni akitafuta kiatu.
Cha kulia alikuwa nacho. Akapapasa chini ya kitanda,
nyuma ya kiti, akakikuta cha kushoto ndani ya chokaa,
akakipangusa kwa upindo wa sketi, polepole,
kama kiatu cha mtoto,
halafu hakukivaa. Alikishika tu.
Hilario wa kamera alikuwa hajaizima.
Hatukutazamana.
Saa yangu ilisema sekunde arobaini na moja.

Daftarini niliandika: haifai.
Hiyo ndiyo njia niliyoijua ya kuiba kitu studioni.

Ilikaa miaka hamsini na minne katika kopo la biskuti,
ikinuka siki.
Wiki jana niliipeleka hifadhi ya filamu.
Msichana wa huko, Citlali, glavu nyeupe,
akaipitisha juu ya meza ya taa, akasema kwa adabu:
Bibi, hapa hakuna kinachotokea.
Irudishe nyuma, nikamwambia. Tazama mkono.

Akairudisha.
Kiatu kikaiacha sketi, kikarudi kwenye chokaa,
mkono ukaondoka mtupu, ukapapasa nyuma ya kiti,
ukarudi mapajani.
Akaipeleka mbele tena. Akavua glavu moja.
Baadaye, akaniuliza, alikivaa?

Niliangalia kama ana penseli.
Liandike hilo, nikasema. Liandike na tarehe.